Ununue Nini Soko la Kibuye Ukiwa na Ugonjwa wa Crohn

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Kisumu, na ombi ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Daktari, niandikie vyakula salama." Orodha ya kumfaa kila mtu haipo. Ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa muda mrefu wa njia ya chakula, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa mara nyingi huvamia mwisho wa utumbo mwembamba. Mboga inayomnenepesha mwenzako huenda ikakulaza wewe. Ninachoweza kukupa ni utaratibu.

Hatua ya 1: Jua tumbo liko vipi leo

Ugonjwa umechachamaa, yaani unahara na kuumwa, au umetulia? Kisha muulize daktari wako kama utumbo umebana mahali. Vidonda vikipona huacha makovu, makovu hubana njia, na hapo maganda na nyuzinyuzi ngumu huweza kukwama. Usiende sokoni kabla ya kupata jibu hilo.

Hatua ya 2: Ukichachamaa, kula laini

Wali wa mchele wa Ahero uliopikwa ukalainika, viazi vya kuponda, malenge yaliyomenywa, ndizi mbivu, yai la kuchemsha. Samaki awe wa mchuzi, si wa kukaanga. Minofu ya mbuta ni rahisi kuliko ngege, ambaye miba yake inataka macho mawili. Nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha), mahindi ya kuchoma, njugu, miwa na mapera viache kwanza.

Ukihara sana, nunua pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Ukizikosa, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi.

Hatua ya 3: Ukitulia, rudisha chakula

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nimempokea mama aliyekula wali na strungi miezi mingi kwa sababu kila jirani alimkataza kitu. Ugonjwa ulikuwa umetulia, ila yeye alikuwa amebaki mifupa.

Rudisha kimoja kimoja, kiasi kidogo, kwa siku tatu, ukiandika kwenye daftari ulichokula, kilivyopikwa na tumbo lilivyojibu. Mapishi yana uzito kuliko jina la chakula. Mrenda na osuga (mnavu): chambua majani, tupa mashina, chemsha hadi yalainike kabisa. Sukuma iliyokomaa ije mwisho, tena ikatwe nyembamba. Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha, ponda, chuja maganda, anza na vijiko viwili. Ugali uwe wa unga uliokobolewa. Ule wa posho, usiokobolewa, usubiri. Kama utumbo umebana, usijaribu vyenye maganda na nyuzi ngumu mpaka daktari akubali.

Chai ya maziwa ikikusokota, jaribu mala (maziwa ya kugandishwa), kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Lakini itoke kwenye maziwa yaliyochemshwa, hasa ukiwa unatumia prednisolone au azathioprine, dawa zinazopunguza kinga ya mwili.

Hatua ya 4: Ziba mapengo

Prednisolone ya muda mrefu hudhoofisha mifupa, na omena (dagaa) ana kalisi tele. Mwoshe kwa maji moto mpaka mchanga uishe (muuzaji atakuapia kwamba hana mchanga), mkaushe, msage, nyunyiza ungaunga huo kwenye mchuzi. Vitamini B12 ni habari nyingine: hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, kwa hiyo sehemu hiyo ikiwa imeharibika sana au imekatwa, hata ule maini kila siku huenda ukahitaji sindano. Omba upimwe damu.

Na kabla ya kulaumu chakula, kumbuka kama ulimeza diclofenac au ibuprofen kwa maumivu ya mgongo. Dawa hizo huweza kuamsha ugonjwa. Sigara pia huuzidisha.

Tumbo likivimba, ukatapika, na choo wala upepo visipite, funga daftari. Usile, usinywe dawa ya kulainisha choo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.