Kabla Hujaenda Kambi ya Kuishi Porini, Uliza Kwanza Mgonjwa Atatokaje

Vijana wengi sasa wanataka kujifunza kuishi porini: kuwasha moto bila kiberiti, kutafuta maji, kujenga kibanda cha matawi, kusoma nyayo. Ni elimu nzuri, na huku Lindi, kusini mwa Tanzania, mapori tunayo, kuanzia Rondo hadi Liwale kunakopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ila kabla hujatoa ada yako, pitia haya.

Kwanza msimu. Kusini tuna mvua za msimu mmoja, zinazoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi hiyo barabara za ndani, ile ya Nachingwea kwenda Liwale ikiwemo, hukwamisha hata malori. Nenda kiangazi. Kiangazi nacho kina adha zake: upupu umekauka na upepo unapeperusha vinyweleo vyake, na mito mingi inabaki mchanga mtupu. Mtu anayetembea juani anahitaji lita 4 au 5 za maji kwa siku, kwa hiyo usikubali kusikia tu kwamba mto upo. Uliza kama una maji mwezi huo. Maji ya kufukua mchangani yachemshwe mpaka yatokote, hata yawe maangavu kiasi gani.

Mavazi: suruali ndefu, shati la mikono mirefu, rangi ya udongo au ya majani makavu. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o, wale nzi wanaoeneza malale, wanazifuata; ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kombati za mabaka kama za jeshi usiziguse kabisa, raia haruhusiwi kuzivaa. Viatu viwe vya kufunika mguu na uwe umeshavizoea. Chandarua, tochi na betri za akiba, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Hayo unayajua.

Kibali. Msitu wa hifadhi uko chini ya TFS (wakala wa misitu), pori la akiba liko chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), hifadhi ya taifa iko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Mwambie mwandaaji akuonyeshe karatasi. Na mtendaji wa kijiji cha jirani awe na taarifa, maana kundi la watu wageni wenye mapanga porini litahesabiwa kuwa majangili mpaka lithibitishe vingine.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawaulizi: mtu akiumia, anatokaje?

Nilikuwepo kwenye kambi moja upande wa Liwale. Kila kitu kilipangwa vizuri, wakufunzi wanajua kazi, chakula kipo. Jioni moja kijana mmoja alikwenda kuokota kuni. Akainua gogo bila kulipindua kwanza kwa fimbo, kifutu akamgonga mkono, chini kidogo ya kidole cha pete. Kifutu hakimbii kama nyoka wengine. Analala palepale kwenye majani makavu na rangi yake ni ya majani hayohayo.

Hapo ndipo tulipojua kwamba gari lililotuleta lilikuwa limeshaondoka, lirudi siku ya kufunga kambi. Simu haikushika mtandao mpaka upande kilima, mwendo wa kutosha kwa miguu, na giza linaingia. Huku mtu mmoja anavua kamba ya kiatu amfunge mkono, mwingine anataka wembe achanje, wa tatu anauliza nani ana jiwe jeusi, lile watu wanaloamini linanyonya sumu. Mzee wa kijijini aliyekuwa akituongoza aliwazuia wote. "Mwanangu, kaa chini, tulia, vua pete kwanza," alimwambia yule kijana. Pete ilikuwa imeshaanza kukwama. Ilitoka kwa sabuni, na ngozi kidogo ikatoka nayo. Baada ya muda mfupi vidole vilikuwa vimejaa havikunjiki. Pete ingebaki, kidole kisingepona.

Bodaboda alipatikana usiku. Wakampakia mshikaki, dereva mbele, mgonjwa katikati, mwenzake nyuma amemkumbatia asianguke, mkono umefungwa kwenye ubao kwa khanga. Zahanati ya kwanza haikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, wakaanza safari nyingine. Kijana alipona, lakini mkono ulimtesa muda mrefu, na mpaka leo nikikumbuka zile saa zilizopotea nakasirika. Dawa ya sumu ilikuwepo hospitalini. Kilichokosekana ni gari.

Kwa hiyo muulize mwandaaji maswali haya, na akujibu kwa majina, siyo kwa "tutaona". Gari gani linalala kambini? Nani dereva, na mafuta yapo? Mtandao unashika wapi? Hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka leo, ameipigia? Akibabaika, fedha yako ibaki mfukoni. Wewe nawe usifiche lako: kama una pumu, kisukari, presha au kifafa, mkufunzi ajue, na dawa zako abebe mtu wa pili pia.

Kuhusu kula vya porini, nenda taratibu. Ming'oko, viazi vya porini, huku tunachemsha na kula, watoto kwa wakubwa, lakini kuna ndiga, nayo ni kiazi cha kuchimba, na ina sumu. Wazee wakati wa njaa waliikata vipande na kuiloweka siku kadhaa kwenye maji kabla ya kuipika. Usichimbe wala usionje bila mwenyeji.

Usiku usitoke peke yako, hata kujisaidia. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Hatari huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, pale jioni inapoanza na giza kabla mwezi haujachomoza. Moto uwake, ila uwe umefyeka majani pembeni, nyasi za kiangazi zinashika haraka.

Ukirudi, homa yoyote ndani ya wiki zinazofuata nenda ukapime malaria, na mwambie daktari kwamba ulikuwa porini na mbung'o walikuuma. Kagua kupe kwapani na nyuma ya magoti. Ukiwa bado kambini, kung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, nge hupenda kulala humo. Kabla hujaondoka, waachie nyumbani namba ya mtendaji wa kijiji na siku ya kurudi. Na mkufunzi akisema hapo usipite, usipite.