Kutafuta hitilafu ya intaneti ya laini ya simu katika Linux

Modemu inapokataa kukuunganisha, kishawishi cha kwanza ni kubadilisha mipangilio ovyo hadi kitu kifanye kazi. Ni heri kufuata safari yenyewe: mfumo uione modemu, modemu ipige simu na kupokelewa, pande mbili zikubaliane kwa itifaki ya PPP (kanuni za kupitisha data ya intaneti kwenye laini ya simu), ndipo anwani na njia za mtandao zitumike. Hakuna maana ya kuhangaika na nywila ikiwa simu yenyewe haijapokelewa.

Anza kwa kuandika neno debug katika faili la /etc/ppp/options, kisha fungua dirisha la pili na uendeshe tail -f /var/log/messages (mifumo mingine hutumia /var/log/syslog, na ile yenye systemd hutumia journalctl -f). Dirisha hilo lisifungwe hadi kazi iishe, kwa sababu karibu majibu yote yatatokea humo.

Modemu ya nje iliyochomekwa kwenye poti ya kwanza ya siriali huitwa /dev/ttyS0, na ya USB mara nyingi huwa /dev/ttyACM0 au /dev/ttyUSB0. Ifungue kwa minicom, programu ya kuzungumza na modemu kwa maandishi, uandike AT (amri ya kuiita modemu), ubonyeze Enter. Ikijibu OK, endelea. Ikinyamaza, chunguza kebo, jina la poti, na kama akaunti yako imo katika kundi lenye ruhusa, ambalo katika Debian ni dialout. Modemu za ndani zinazotegemea kichakataji cha kompyuta zina shida ya pekee: bila kiendeshi chake, hakuna mpangilio utakaoiamsha, na kwa maoni yangu ni afadhali kutafuta modemu kamili ya nje.

Kwenye kupiga simu, maneno ya modemu yanajieleza. BUSY ni namba inayotumika. NO DIALTONE ina maana kwamba modemu haisikii mlio wa laini; kama wewe unausikia vizuri kwenye simu ya kawaida, ongeza X3 katika amri ya kuanzisha modemu ili isiusubiri mlio huo. NO CARRIER baada ya filimbi ndefu huashiria kwamba modemu mbili zimeshindwa kuelewana, mara nyingi kwa sababu ya laini yenye kelele.

Ukishaona CONNECT, umefika kwenye sehemu inayosumbua watu wengi zaidi. Katika dirisha la kumbukumbu, tazama mistari yenye sent [LCP ConfReq, yaani maombi ya kwanza ya makubaliano ya PPP yaliyotumwa na kompyuta yako. Ikiwa inajirudia bila mstari wowote wa rcvd (kilichopokelewa), na mwishowe ukasoma LCP: timeout sending Config-Requests, upande wa pili haujaanza kuzungumza PPP. Huenda unasubiri jina la mtumiaji kwa maandishi. Piga simu kwa mkono ukiwa ndani ya minicom: ukiona login: kwenye skrini, hati ya chat (maagizo ya kupiga simu na kujibu maswali) lazima ijibu swali hilo kabla pppd, programu inayoendesha PPP, haijaanza. Ujumbe wa Serial line is looped back nao mara nyingi una chanzo hichohicho, kwani seva inakurudishia herufi zako jinsi zilivyo.

Mazungumzo yakianza lakini pppd ikafunga kwa namba 19, umekataliwa utambulisho. Hakikisha jina lililo katika pap-secrets au chap-secrets (mafaili ya nywila ndani ya /etc/ppp) ni lilelile lililo baada ya neno user katika mipangilio, na uweke nywila ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu alama ya # isiyonukuliwa inaweza kuchukuliwa kuwa mwanzo wa maelezo.

Kuna wakati muunganisho unakubali na kurasa hazifunguki. Fanya ping kwa anwani ya namba. Isipojibu, endesha ip route: kama kadi ya mtandao tayari inashikilia njia kuu, pppd haitaiondoa hata ukiwa umeweka defaultroute, kwa hiyo ifute njia hiyo kisha upige simu upya. Namba ikijibu lakini jina likashindwa, weka usepeerdns (neno la kuomba seva za majina kutoka upande wa pili) na uangalie kama seva za majina zilizoandikwa katika /etc/ppp/resolv.conf zimefika kweli katika /etc/resolv.conf, mifumo kadhaa huhitaji hati ya ip-up, inayoendeshwa muunganisho ukikamilika, ifanye uhamisho huo.