Uko na lisansi na unataka kuingia veterinera Lubumbashi? Soma hii kwanza

Batu mingi banauliza: niko na lisansi ya biolojia, ao ya agronomi, hata ya ekonomi, naweza kuingia mu veterinera pale UNILU (Universite ya Lubumbashi)? Unaweza. Lakini usiwaze kama ile karatasi itakurusha moja kwa moja mu mwaka wa tatu. Kwa mfumo wa zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua, kiisha 3 ya dokta, jumla 6, na ata sasa na LMD (mfumo mupya wa lisansi, masta, doktora) hakuna mutu anajifunza kupasua ngombe kwa haraka.

Mbele ya kulipa kitu, enda abatwari asubui sana, omba ruhusa kwa mukaguzi wa nyama, simama pembeni yake. Atapasua maini, na kama iko na minyoo utaiona inatoka mu mifereji ya nyongo, bapa sawa jani dogo, ingine ingali inajikunja. Kiisha atakata misuli ya shavu ya nguruwe, ulimi na moyo, anatafuta vifuko vyeupe vya minyoo ya tegu. Harufu ni ile ile masaa yote. Kama unatoka pale na maulizo mingi kuliko kichefuchefu, basi endelea.

Sasa dosie. Diploma ya Leta, lisansi, pointi za miaka yote, akte ya kuzaliwa, mafoto, hizo kila mutu anajua. Yenye batu banasahau ni programu ya masomo ulifanya, na masaa ao kredi ya kila somo, na kashe ya fakilte yako. Bila hiyo hakuna mwenye ataweza kulinganisha kitu, na mu LMD mwaka moja ni kredi 60 kwa hiyo banahesabu kweli. Mutu wa biolojia anaweza kuomba basimurudilishe kemia, statistiki, zoolojia, genetiki. Anatomia ya wanyama usiombe hata, utairudilia yote tu, na ni heri. Ombi andika kwa doyen, uache kopi ku sekretaria na bakupigie kashe ya kupokea ku yako, juu makaratasi inapoteaka, weye unajua.

Franga: usihesabu minervali peke yake. Kuko bluzi, mabote, vyombo vya kupasulia, silabusi, transpor ya staji. Na kama uko na kazi ya muchana, tafuta namna mapema, TP (masomo ya mazoezi) haikungojake, mwalimu anaita majina na mulango unafungwa. Mie naona heri kukaa mwaka moja unachunga franga kuliko kuingia na kukwama katikati.

Ukisha kuingia, faida yako ya mutu mwenye alisoma ni moja: unajua kusoma. Itumikishe kwa namba, bandika ku ukuta: ngombe anabeba mimba karibu siku 283, mbuzi 150, imbwa 63, nguruwe 114 (miezi 3, wiki 3, siku 3, hivi njo bafugaji banaikumbuka). Joto ya imbwa iko 38 mupaka 39, kuku yeye anafika 41 na hana homa. Banafunzi batoto batakushinda kukariri usiku kucha, lakini ku kliniki, pale mama analeta mbuzi na haelezi vizuri, mutu mukubwa njo anajua kuuliza.

Na chanjo ya kichaa cha imbwa uipate mbele ya kugusa imbwa ya kwanza, usingoje kuumwa, dalili zikishaanza hakuna dawa.

Ku staji, usikimbilie tu imbwa za batu ya kartie Golf juu zinalipa. Gawanya: kidogo imbwa, kidogo kuku na ugonjwa yake ya Newcastle, na sana sana ngombe, kule kwenye unavaa gan (glovu) inafika ku bega na unaingiza mukono muzima kutafuta mimba. Ile haijifunzwe mu silabusi.