Nyanya kwenye joto la Pwani: kuhakikisha ua linashika

Nyanya ikipukutisha maua mwezi wa Januari Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, watu wengi hulaumu jua la mchana. Joto la usiku huumiza zaidi. Mchana ukizidi nyuzi 32 za Selsiasi, na usiku usiposhuka chini ya 22 hivi, chavua, ule unga wa ua unaofanya tunda lishike, hudhoofika au hushindwa kutoka. Ua halishiki tunda: kikonyo chake huanza kugeuka njano pale kwenye kifundo, kisha ua hudondoka. Mche wenyewe unaweza kuwa mnene, wa kijani, bila ugonjwa wowote, na hapo ndipo mkulima huongeza mbolea akidhani una njaa. Hiyo mbolea itazaa majani tu.

Kwa hiyo panga kalenda yako kwa kuanzia kwenye ua, halafu urudi nyuma. Pwani, usiku wa Januari na Februari hubaki karibu nyuzi 25, ilhali Julai na Agosti hushuka hadi 19 au 20. Mche hukaa kitaluni siku 25 hadi 30, huanza kutoa maua takriban wiki nne baada ya kuhamishwa, na kutoka ua hadi tunda bivu ni siku 40 hadi 50. Ukisia mwishoni mwa Aprili, utahamisha mwishoni mwa Mei masika yakiwa yanaisha, na maua yatakutana na usiku wa baridi. Huo ndio msimu rahisi. Kwa nyanya za Desemba hadi Machi, mbegu inayostahimili joto ni ya lazima, na hata hivyo tegemea matunda machache na madogo kuliko ya Agosti.

Kwenye pakiti tafuta mambo mawili: kustahimili joto, na kustahimili mnyauko bakteria, ugonjwa wa udongoni unaonyausha mche ghafla. Kwa bustani ya Pwani hilo la pili lina uzito uleule, kwa sababu bakteria huyo hupenda udongo wa moto wenye unyevu. Aina za matunda madogo hushika vizuri zaidi kwenye joto, na zile za matunda makubwa ya kukata vipande ndizo hushindwa mapema. Money Maker, aina ambayo wengi wameizoea, si ya kutegemea msimu wa joto. Tanya na Tengeru 97 ni aina fupi, hazihitaji miti mirefu, na mbegu zake unaweza kuzihifadhi mwenyewe kwa kuwa si chotara. Mbegu za F1, yaani chotara, nunua upya kila msimu.

Sia kwa kina cha sentimita 1, kwenye trei au vikombe vilivyotobolewa chini. Funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo sana tangu siku ya kwanza. Inzi weupe wakiwahi miche, huiachia virusi vya kukunja majani, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta, na mche ulioambukizwa ukiwa mdogo haufai kuhamishwa. Wiki ya mwisho punguza maji kidogo, na uuzoeshe mche jua la asubuhi.

Kwenye ndoo ya lita 20 panda mche mmoja tu. Toboa matundu matano au sita chini, upana wa kidole. Changanya udongo wa juu sehemu tatu na samadi iliyoiva sehemu mbili. Udongo ukiwa wa mfinyanzi ongeza mchanga sehemu moja, lakini wenye udongo wa kichanga waache hivyo hivyo. Ndoo nyeusi hupika mizizi, kwa hiyo ipake chokaa nje au izungushie gunia. Ardhini, acha sentimita 50 kati ya mche na mche, na 75 kati ya mistari. Hamisha saa kumi na moja jioni, zika shina hadi karibu na majani ya kwanza, kwani sehemu iliyozikwa nayo huota mizizi. Kizibo kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, changanya na udongo chini ya mizizi, kisigusane nayo. Maua ya kwanza yakitokea, weka kizibo kimoja cha mbolea ya NPK 17-17-17 kuzunguka mche, sentimita 10 kutoka shinani, kisha rudia baada ya wiki tatu.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini zisigusane na shina. Mche mchanga hutosheka na lita 1 kwa siku, wenye matunda hutaka lita 2 hadi 3. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Ukiacha udongo ukauke siku mbili kisha ukaumwagia ndoo nzima, matunda hupasuka, au huoza kitako: doa la kahawia upande wa chini, baadaye jeusi na gumu. Chanzo ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na mara nyingi udongo unayo tayari, maji tu ndiyo hayaendi kwa mpango. Maji ya kisima yenye chumvi huzidisha tatizo, kwa hiyo ukiweza yachanganye na ya mvua.

Kivuli kiwe cha asilimia 30 hadi 40, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni tu. Makuti yaliyoachana upande wa magharibi yanafaa kabisa. Kivuli kizito hurefusha shina na kupunguza maua. Kwenye aina ndefu ng'oa machipukizi ya kwapani, ila majani yanayofunika vichana (vishada vya matunda) yaache, maana tunda likipigwa na jua moja kwa moja huota baka jeupe lililonywea.

Sasa lile ua. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, umande ukishakauka, gongagonga kikonyo cha kichana kwa kidole, au tikisa mti ulioegeshea mche. Chavua ya nyanya imo ndani ya kibomba cha njano katikati ya ua, hutoka kwa mtikisiko, na asubuhi bado haijaungua. Fanya hivyo kila siku maua yanapofunguka. Barazani au kwenye neti, kusikofika upepo wala nyuki, usiruke hata siku moja.

Mche ukinyauka ghafla mchana ungali wa kijani, kata shina karibu na udongo, ukitumbukize kipande ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa: ng'oa mche na udongo wake, usipande hapo nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Majani yakiwa na vijia au mabaka meupe ndani yake, huenda ni kantangaze, kiwavi mdogo anayechimba jani. Yachume mapema, uyachome.

Joto likizidi nyuzi 30, nyanya haitengenezi rangi nyekundu vizuri, hubaki na rangi ya chungwa. Chuma kitako kinapoanza kubadilika rangi, ziweke ndani kwenye kivuli penye hewa, si kwenye friji, na zitaiva nyekundu ndani ya siku chache.