Kompyuta ya kuundisha au ya tayari: mwongozo kwa mnunuzi wa Unguja na Pemba

Anayetaka kununua kompyuta ya mezani hapa Zanzibar huanza kwa kuuliza bei, kisha huuliza kasi, na aghlabu huishia hapo. Liko swali linalostahili kutangulia: kikiharibika kipande kimoja, nani atakitengeneza, na kipuri chake kitatoka wapi? Kwa kuwa vipuri vyetu huvuka bahari kabla ya kufika Darajani au Chake Chake, jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua kama umkabidhi fundi akuundie mashine, au ununue iliyokwisha kuundwa kiwandani.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilikuwa na mashine nyembamba ya kiwandani, ya mtumba, niliyoitumia Wete kwa kazi za uchapaji. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na pawa saplai, yaani kipande kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ikaungua. Fundi aliifungua, akatoa kisanduku kirefu chembamba, akakiweka mezani sambamba na pawa saplai ya kawaida aliyokuwa nayo rafuni. Matundu ya skrubu hayakulingana, na plagi iingiayo kwenye bodi mama (bamba kuu linalounganisha vipande vyote) ilikuwa na pini 6 badala ya 24. Ikabidi kuagiza Dar es Salaam na kungoja meli. Mashine ya pili mle chumbani, iliyoundwa na fundi wa mtaani na ambayo nilikuwa nikiidharau kwa sura yake, iliungua pawa saplai jioni hiyo hiyo, lakini yake ilikuwa ya kawaida kama ile ya rafuni, na kufika isha ilikuwa inafanya kazi.

Tofauti hiyo ina sababu. Mashine ya kuundisha hufuata vipimo vya ATX, vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, kwa hiyo pawa saplai, kasha na bodi mama za watengenezaji mbalimbali huweza kukaa pamoja. Mashine nyingi za kiwandani zilizokusudiwa ofisi zina vipimo vyao wenyewe, na hilo si udanganyifu: ndivyo zinavyopata kuwa ndogo, zenye kelele chache na zisizokula umeme mwingi.

Ikiwa kazi yako ni kuandika barua, kutunza hesabu za duka, kufundishia skuli au kutumia intaneti, nunua ya tayari, wala usijisumbue kuundisha. Zinazofaa zaidi kwa bei ni zile zilizostaafishwa na ofisi za nje, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, ambazo ziliundwa zifanye kazi kutwa kwa miaka. Tazama kwanza kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Katika jina la prosesa ya Intel Core i5-7500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonesha kizazi cha 7. Katika i5-8500 ni cha 8. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel za aina hii Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo mashine ya kizazi cha 6 unayouziwa kwa bei ya kutupa ina sababu ya kutupwa. Ukipewa hiari, chagua yenye kasha kubwa la wima badala ya ile nyembamba, kwa kuwa fundi hupata nafasi ya kutia mkono. Ikiwa ina diski ya zamani ya kuzunguka, itie SSD, yaani hifadhi isiyo na sehemu ya kuzunguka. Badiliko hilo moja utaliona kuliko kuongeza fedha kwenye prosesa.

Kuundisha kunawahusu wenye kazi nzito: wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za majengo, na vijana wa michezo ya kompyuta, ambao najua hawakuhitaji mwongozo huu. Hawa wanahitaji kadi ya grafiki (kipande cha kutayarisha picha za skrini), na kadi ndiyo inayoishinda mashine ya ofisi. GeForce RTX 3060, kwa mfano, hula hadi wati 170 peke yake, na Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 550, ilhali mashine nyembamba ya ofisi mara nyingi ina wati mia mbili na kitu kwa kila kilichomo ndani.

Unapokwenda kwa fundi, usitoe arubuni kabla hajakuandikia jina kamili la kila kipande. Orodha hiyo ndiyo itakayokuonesha kama vipande vinaoana. Bodi mama yenye soketi (kikalio cha prosesa) ya AM4 hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR4, na ya AM5 hutumia DDR5 pekee. Haziingiliani hata kwa nguvu. Angalia pia herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa. Intel yenye F haina uwezo wa kutoa picha bila kadi ya grafiki, na Ryzen 5 5600 ya kampuni ya AMD ni hivyo hivyo, ingawa 5600G inao. Aliyepanga kununua kadi "mwezi ujao" hujikuta na mashine inayowaka vizuri mbele ya skrini nyeusi.

Mahali ambapo fundi hubana gharama ni pawa saplai, kwa sababu mnunuzi haioni. Ishike mkononi. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, na haina alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), kataa, hata kama kasha lina taa za rangi saba.

Umeme wenyewe tunauvuta kutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, Unguja kupitia Fumba na Pemba kutoka Tanga tangu 2010, na waliokuwepo Unguja mwaka 2008 wanakumbuka giza la takriban mwezi mzima. UPS, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, haitakuvusha giza la namna hiyo. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Soma wati zake, usisome VA (volti-ampea, namba kubwa inayotangazwa) peke yake: UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa wati 360 hivi, zinazotosha mashine ya ofisi na skrini yake, lakini si mashine ya kuhariria video inapofanya kazi kwa nguvu zote.

Kwa mashine ya mtumba, omba ifunguliwe mbele yako. Tazama vichwa vya skrubu na bati lililozunguka matundu ya nyuma. Ukikuta kutu ya rangi ya udongo, ujue imekwisha kula chumvi ya bahari, na huenda bodi mama nayo imeguswa. Hata iwe mpya, usiiweke chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Linabaki suala la dhamana. Ya kiwandani huwa na dhamana moja kwa mashine nzima. Ya kuundisha huwa na dhamana ya kila kipande mbali, na muda wake hutofautiana. Kwa hiyo risiti iandikwe namba ya kila kipande, pamoja na nani atakayelipa nauli ya meli kipande kikirudishwa Dar es Salaam.