Somo: Namna ya kutazama filamu za Kiingereza za bei nafuu kuhusu mtu aliyebambikiwa mauaji

Wadau, salaam. Somo la leo ni la wapenzi wa filamu za zamani za nyeusi na nyeupe, zile za saa moja na ushei ambamo mtu anazinduka, anakuta maiti kando yake, na polisi wameshafika mlangoni. Uingereza ilizitengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960. Nazipenda kwa dhati, na inaniuma kuona watu wanaziacha njiani kwa sababu wanadai kutoka kwao vitu ambavyo hazikuwa na fedha ya kuvinunua. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Itafute filamu kwa majina yake yote mawili

Nyingi zilibadilishwa jina zilipovuka kwenda Marekani. 36 Hours ya mwaka 1953 kule iliitwa Terror Street. Murder by Proxy iliitwa Blackout. Ukitafuta kwa jina moja tu, unaweza kuambiwa haipo wakati ipo. Mlioko Uingereza mna bahati: kituo cha Talking Pictures TV, kilichoanza mwaka 2015, huzirusha mara kwa mara.

Hatua ya 2: Tazama nani kaitoa, na kwa nini

Usiruke majina ya mwanzo. Mwaka 1927 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wasambazaji na wenye majumba ya sinema kuchukua kiwango fulani cha filamu za nyumbani, maana Hollywood ilikuwa imeshika soko. Kampuni za Marekani zikatimiza sheria kwa kulipia filamu za chapuchapu, na bei iliyozoeleka ilikuwa pauni 1 kwa futi moja ya mkanda. Piga hesabu: futi 6,000 ni kama dakika 66, kwa hiyo filamu nzima, waigizaji, taa na chai ya mafundi vikiwemo, ni pauni 6,000.

Baada ya vita, filamu hizi zilibaki kuwa ile ya kwanza kuonyeshwa kabla ya filamu kubwa, kwa tiketi ileile moja. Ukiona Merton Park, hiyo ni studio ya kusini mwa London iliyotoa za upelelezi mfululizo. Ukiona Danziger, ni ndugu wawili wa Kimarekani waliokuwa wakipiga filamu kwa kasi ya kutisha. Na ukiona Hammer, kampuni iliyokuja kuvuma kwa filamu za kutisha, usitegemee Dracula bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hammer ilikuwa na mkataba na msambazaji wa Marekani, Robert Lippert. Yeye alileta mwigizaji wa Hollywood ambaye nyota yake imeanza kufifia, Hammer ikapiga filamu Uingereza, kisha ikauzwa pande zote mbili za bahari.

Hapo pana jambo ninalotaka mlishike. Steringi aliletwa kutoka Marekani kwa sababu za biashara, lakini biashara hiyo ikaizaa hadithi yenyewe. Ni mgeni London. Hana jirani, hana bosi, hana mjomba wa kusimama mbele ya polisi aseme, "Huyu namfahamu, hawezi kuua." Katika 36 Hours, Dan Duryea ni rubani wa Jeshi la Anga la Marekani anayeingia London kinyemela kumtafuta mkewe aliyehama nyumba. Anampata, anapigwa kichwani, na akizinduka mke ameshapigwa risasi. Hata kuwepo kwake mjini ni kosa. Aende kwa nani?

Hatua ya 3: Soma mwaka kabla ya kusoma hadithi

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Mtazamaji wa leo huuliza: kwa nini asijisalimishe, akaeleza ukweli? Jibu ni kitanzi.

Hadi Machi 1957, mtu mzima akipatikana na hatia ya mauaji Uingereza, jaji hakuwa na adhabu ya kuchagua. Ilikuwa kunyongwa. Desturi ilikuwa kuacha Jumapili 3 zipite kati ya hukumu na kamba. Mahakama ya rufaa ya jinai ilikuwepo tangu 1907, nayo ilizaliwa na aibu ya kesi ya Adolf Beck, mtu aliyetiwa hatiani mara 2 kwa utapeli wa mtu mwingine kwa sababu mashahidi walimfananisha. Rufaa ikikataliwa, kilichobaki ni kalamu ya Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyeweza kumwepusha na kitanzi. Kwa hiyo steringi anapotoroka kupitia dirisha la jikoni, hajafanya upuuzi wa filamu. Ameshapiga hesabu ya zile wiki chache.

Sheria ya 1957 ilibakiza kunyonga kwa aina chache tu za mauaji. Watu wa mwisho walinyongwa tarehe 13 Agosti 1964, na mwaka uliofuata Bunge likaisimamisha adhabu hiyo kwa mauaji. Linganisheni filamu ya 1953 na ya 1963: mbio zipo zilezile, ila ile hofu ya koo imepungua.

Hatua ya 4: Chagua kitu kimoja ukifuate

Filamu isiyo na fedha haiwezi kukuonyesha magari yakigongana. Inachukua kitu kidogo na kukibebesha kesi nzima. Katika Murder by Proxy, iliyoongozwa na Terence Fisher, Dane Clark amelewa baa, amefilisika. Msichana asiyemjua anamwahidi pauni 500 akubali kumwoa. Asubuhi anaamka katika nyumba ya mchoraji wa kike, hakumbuki kitu, na koti lake lina damu. Gazeti linasema baba wa yule msichana ameuawa.

Rudieni kipande hicho mkitazame polepole. Hakuna mapigano wala mlio wa bunduki. Kuna chumba, kitanda cha kuazima, koti na gazeti, na mtu anayejitazama kama anavyomtazama mshukiwa, kwa sababu hata yeye hana uhakika kwamba hakuua. Hicho nakiona ni kikali kuliko mbio zote zinazofuata.

Hatua ya 5: Mtazame anayemwamini wa kwanza

Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi hana sababu ya kutosha ya kumwamini. Msilihesabu hilo kuwa udhaifu wa mwandishi. Bila mtu huyo mgeni amekwisha.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mbona polisi wa humo ni wapole hivyo? Askari kanzu anavua kofia, anakunywa chai, halafu anakamata mtu asiye na kosa!

Jibu: Umeona vizuri. Ni nadra filamu hizi kumfanya polisi mla rushwa. Anakosea kwa nia njema, na mwisho anakuja na gari kumchukua adui halisi. Mimi hapo nazilaumu. Zilithubutu kuonyesha kwamba ushahidi unaweza kudanganya, hazikuthubutu kuonyesha kwamba ofisa anaweza kuuficha.

Swali: Kaka, mambo haya yalitokea kweli au ni ya watunzi tu?

Jibu: Yalitokea, ndugu yangu, na bila mwisho mwema. Timothy Evans alinyongwa tarehe 9 Machi 1950 kwa mauaji ya binti yake mchanga. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa John Christie, jirani wa ghorofa ya chini. Miaka 3 baadaye miili ya wanawake ikagunduliwa kwa Christie, naye akanyongwa. Evans alipewa msamaha mwaka 1966, akiwa kaburini.

Na yuko wa upande wetu wa dunia. Mahmood Hussein Mattan, baharia Msomali, aliishi Cardiff, alikokuwa na mke wa Wales na watoto. Alishtakiwa kumuua mwanamke mwenye duka. Walikuwepo mashahidi walioshindwa kumtambua, na upande wa utetezi haukuambiwa. Wakili wake mwenyewe alisimama mbele ya wazee 12 wa baraza, raia walioamua kama ana hatia, akawaambia kuwa mteja wake ni nusu mshenzi. Alinyongwa gerezani Cardiff tarehe 3 Septemba 1952. Hatia hiyo ilifutwa mwaka 1998. Wakati uleule Hammer ilikuwa inatafuta mgeni wa kumbambikia mauaji, na ikamtafuta Hollywood.

Swali: Mwalimu, Time Without Pity inaingia kwenye kundi hili?

Jibu: Bajeti yake ni kubwa kidogo, lakini itazame. Joseph Losey aliitoa mwaka 1957, naye alikuwa amekimbia Marekani baada ya kuwekwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku Hollywood. Muuaji anaonyeshwa mwanzoni kabisa. Baba mlevi ana saa 24 kumwokoa mwanawe asinyongwe, na kuna chumba kimoja kimejaa saa za mezani zinazolia. Siyo fumbo la nani kaua. Unachotazama ni muda ukiisha.

Swali: Nina usiku mmoja tu, dada yangu anataka tutazame wote na hapendi filamu za kale. Tuanze na ipi?

Jibu: Murder by Proxy. Mwambie tu kwamba kuna mtu amelipwa kuoa na ameamka na damu kwenye koti, kisha nyamaza. Kama atavuka dakika 20 za mwanzo, kesho mwekee 36 Hours. Hiyo ya Losey iacheni siku ambayo hamna usingizi.