Breki za trela hazishiki? Anza na ethi
Pikapu inayovuta trela yenye breki za umeme, kama zilivyojaa Marekani, ikianza kudai haioni trela, usikimbilie kununua kidhibiti kipya cha breki, kile kifaa cha ndani ya gari kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Fungua plagi ya pini 7, safisha kutu, kisha fuata waya mweupe wa ethi (njia ya umeme kurudi) hadi unapofungwa kwenye chasisi. Mara nyingi balaa liko hapo: boliti imelegea, au imekalia rangi badala ya chuma kitupu. Piga msasa, kaza.

Bado? Pima waya wa bluu, unaopeleka umeme kwenye breki, kwa mita ya ampea huku mwenzako akibana swichi ya mkono ya kidhibiti hadi mwisho. Trela ya breki nne za inchi 10 au 12 huvuta takriban ampea 12. Ukipata 9, sumaku moja imekufa (kila breki ina yake).